Ahadi Ambayo Bochaberi Hakuitoa

Kipsang aliendesha pikapu polepole kuliko kawaida yake, na Bochaberi akajua kwamba mwanamume huyu anaogopa.

Walikuwa wametoka Kericho mjini baada ya ibada ya asubuhi, wakielekea Chepseon kwa wazazi wake Kipsang. Chai ilikuwa imetanda pande zote mbili za barabara, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya kama yanavyofanya karibu kila mchana sehemu hizo. Kila Kipsang alipobadilisha gia, mkono wake ulitua juu ya mkono wa Bochaberi, ukakaa kidogo, kisha ukarudi haraka kwenye usukani kana kwamba mama yake amewaona.

"Kwani ni wewe unaenda kuonwa na wakwe?" Bochaberi akamtania. "Mimi ndio nafaa kutetemeka."

"Sitetemeki. Ni hii barabara iko na mashimo."

"Kipsang, hii barabara haina shimo hata moja."

Akacheka, lakini kicheko chenyewe hakikufika machoni. Bochaberi akamtazama kwa upande, ile shingo ndefu, ile kola ya shati jeupe aliyoipiga pasi mwenyewe. Alimpenda mtu huyu. Alimpenda hata anapodanganya kuhusu mashimo.

Walikutana mwaka uliopita kwenye harusi huko Bomet. Bochaberi alikuwa amealikwa kupiga gitaa, na maharusi walipokuwa ndio wanaingia hemani, mvua ikashuka na stima ikapotea. Spika zikanyamaza. Watu wakaanza kunong'ona, na bibi harusi akasimama mlangoni hajui aende mbele au arudi nyuma. Bochaberi akachomoa waya wa gitaa lake, akashuka jukwaani, akaanza kutembea katikati ya meza akipiga taratibu, karibu kabisa na masikio ya watu. Hema zima likatulia. Kipsang alikuwa msimamizi wa bwana harusi, na kazi yake wakati huo ilikuwa kushika mwavuli. Akasahau. Bwana harusi akaloa mabega yote mawili.

Sherehe ilipoisha alimfuata. "Dada, hiyo muziki inaitwa aje?"

"Jazz."

"Mimi nilidhani jazz ni ya watu wa suti."

"Na wewe umevaa nini?"

Akajitazama, akaona suti yake ya usimamizi iliyolowa, wakacheka pamoja. Hapo ndipo yote yalipoanzia.

Kipsang alikuwa daktari wa mifugo. Alizunguka Kipkelion yote akitibu ng'ombe za watu, na nyumbani kwao Chepseon alifuga za kwake. Bochaberi Ratemo alikuwa mwalimu wa muziki katika shule ya wasichana karibu na Kericho. Alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, ambako wazazi wake walihamia kutoka Kisii kabla hajazaliwa. Baba yake alifanya kazi kiwandani, kwenye mitambo ya kukausha majani, na jioni alipiga gitaa kwenye ukumbi wa wafanyakazi. Ndiye aliyempangia bintiye vidole kwenye nyuzi kabla mtoto hajajua kusoma. Kanisani Bochaberi akapigia kwaya. Chuoni akasomea muziki, na huko ndiko alikosikia jazz kwa mara ya kwanza, akarudi bwenini bila kula, akajaribu kuutafuta ule wimbo kwenye nyuzi mpaka wenzake wakamfukuza nje.

Wanafunzi wake sasa walikuwa wamefika mashindano ya kitaifa zaidi ya mara moja. Na mwisho wa wiki alipiga gitaa kwenye hoteli moja mjini. Mwanzoni watu walikuja kushangaa mwanamke na gitaa. Baadaye walianza kuja kwa ajili ya muziki wenyewe, wengine kutoka mbali kama Mulot, na waliketi bila kuzungumza mpaka amalize.

Wiki hiyo alikuwa amepata habari kubwa. Vivian, mpiga saksafoni wa Nairobi ambaye alikuwa akipiga naye kila likizo, alimpigia simu akipiga mayowe. Bendi yao ilikuwa imealikwa Addis Ababa kwa miezi mitatu, kupiga muziki na kufundisha katika shule ya muziki ya huko. Mwalimu mkuu wake alikuwa tayari amemkubalia ruhusa. Bochaberi alimwambia Kipsang siku iyo hiyo. Kipsang alimkumbatia, akamkumbatia kwa muda mrefu, kisha akasema, "Tuonane na wazazi kwanza. Hayo mengine tutaongea baadaye."

Bochaberi aliona ni jibu la mtu mwenye furaha asiyejua la kusema.

*

Janeffer, mama yake Kipsang, aliwapokea langoni akiwa amevaa sare ya kwaya ya akina mama, maana alikuwa ametoka kuongoza kwaya hiyo asubuhi. Alikuwa mwanamke mrefu kama mwanawe, mwenye sauti inayosikika mpaka ng'ambo ya pili.

"Chamgei!" akasema, akimshika Bochaberi mikono yote miwili.

"Chamgei mising, Mama," Bochaberi akajibu, kama alivyokuwa amefundishwa kwenye gari.

"Ai! Anaongea Kipsigis!"

"Ni hiyo tu, Mama. Nimemaliza."

Janeffer akacheka mpaka akajishika kiuno. Mzee Arap Tonui, mumewe, akatokea mlangoni na kofia mkononi, akamsalimia mgeni kwa heshima, akamwonyesha kiti kilichotandikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono. Mzee hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliketi karibu na dirisha, akawa anamtazama mgeni na kutabasamu kidogo kila macho yao yalipokutana.

Chakula kikaja: kuku, ugali, mboga chungu za kienyeji zilizolazwa kwenye maziwa, na mursik, maziwa ya mgando yaliyomiminwa kutoka kwenye kibuyu, mazito na yenye harufu ya moshi.

"Hii mboga unaijua?" Janeffer akauliza. "Sisi tunaita isageek."

"Naijua sana, Mama. Kwetu ni chinsaga. Mama yangu akipika, hakuna mtu anaruhusiwa kuongea mpaka iishe."

"Basi sisi ni watu wamoja!" Janeffer akamgeukia mwanawe. "Kipsang, huyu anajua kula."

Bochaberi akapumua. Mambo yalikuwa yakienda vizuri kuliko alivyotarajia. Akamtafuta Kipsang kwa macho ili amwambie hivyo kimyakimya, lakini Kipsang alikuwa anatazama sahani yake.

"Tuombe," Janeffer akasema, na wote wakainamisha vichwa.

Alishukuru kwa mvua. Alishukuru kwa ng'ombe na majani ya chai, kwa mzee wake na afya yake. Kisha sauti yake ikalainika.

"Na tena Baba, tunakushukuru kwa huyu msichana umetuletea. Tunakushukuru kwa sababu umegusa roho yake, akakubali kuacha hii muziki ya mahoteli, na kusafirisafiri, akae na bwana yake ajenge nyumba..."

Bochaberi alifungua macho.

Vichwa vyote vilikuwa vimeinama. Alimtazama Kipsang ng'ambo ya meza. Kipsang alikuwa amefumba macho kwa nguvu, amefumba mpaka ngozi ya uso ikajikunja, kama mtoto anayengoja sindano. Hapo Bochaberi akaelewa kila kitu. Akaelewa lile kumbatio la muda mrefu, na ile pikapu iliyotambaa barabarani.

"...katika jina la Yesu."

"Amina," wakaitikia. Yeye hakuitikia.

"Kula, mtoto wangu," Janeffer akasema.

"Mama, samahani." Bochaberi akamgeukia Janeffer. "Kipsang aliwaambia kwamba naacha gitaa?"

"Alituambia Alhamisi. Alisema utabaki na kufundisha tu. Nilifurahi sana, nikaambia hata pasta." Janeffer akasita. Akamtazama mwanawe, akamtazama mgeni. "Kwani si hivyo?"

Mzee Arap Tonui akaweka kijiko chake chini polepole.

"Naomba nitoke nje kidogo," Bochaberi akasema. "Chakula kinanukia vizuri sana, Mama. Narudi."

*

Alishuka njia ya chini ya boma bila kujua anakoenda. Nyuma yake alisikia viatu vya Kipsang vikikimbia. Kabla hajamfikia, mvua ya mawe ikafunguka juu yao, mawe madogo magumu yakirukaruka juu ya majani ya chai. Wakakimbilia banda la kupimia majani lililokuwa kando ya njia. Siku ya Jumapili lilikuwa tupu. Walisimama kila mmoja kwenye nguzo yake, wakihema, na mabati yalipiga kelele mpaka ikabidi wapaaze sauti.

"Bocha, nisikilize."

"Nakusikiliza."

"Nilitaka wakuone kwanza. Nilijua wakikujua watakupenda. Halafu hayo mengine tungewaambia polepole."

"Wangempenda nani, Kipsang? Mimi, ama huyo uliyewatengenezea?"

"Usiseme hivyo."

"Niseme aje? Mama yako ameshukuru Mungu kwa sababu yangu, na ameshukuru kwa uongo! Amemwambia pasta! Unajua vile nimejisikia pale mezani? Kama nimeiba nguo ya mtu nikaja nayo kwao."

Kipsang akapitisha mkono usoni. Maji yalimtiririka kwenye nywele. "Nilikosea."

"Ni kweli ulikosea. Lakini sitaki kusikia hiyo peke yake. Nataka kujua ni kwa nini. Wewe si mwongo. Nimekujua mwaka mzima, hata mtu akikuuliza kama ng'ombe yake itapona, unamwambia ukweli hata kama atalia."

Kipsang akaegemea nguzo. Mawe yakaendelea kupiga. Bochaberi akangoja, maana alijua kwamba jibu litakalotoka hapo ndilo litakaloamua kama wanarudi juu pamoja au anatafuta njia ya kurudi Kericho peke yake.

"Naogopa Addis," Kipsang akasema mwishowe.

"Ungeniambia."

"Mwanaume atasema hiyo aje?"

"Kwa mdomo."

Kipsang akataka kucheka, ikashindikana. "Kila nikija hotelini kukuona, ukianza kupiga unafunga macho. Watu wote wanafurahi. Mimi pia nafurahi. Lakini najiuliza, huko ndani ameenda, kuna kiti yangu? Sasa hiyo ni Kericho, mahali naweza kukufikia. Ukienda Addis miezi mitatu, ukipigia watu wanaojua muziki, si kama mimi najua tu kusema ni tamu... utarudi kuishi Chepseon na mtu wa ng'ombe?"

Hasira ya Bochaberi haikuisha, lakini ilipata mahali pa kuketi. Alimsogelea hatua chache.

"Nikifunga macho nasikia vizuri. Ni hivyo tu. Siendi mahali. Hata wewe ukiweka sikio kwa tumbo la ng'ombe unafunga macho. Nimekuona. Nishawahi kukuuliza kama kuna kiti yangu kwa tumbo la ng'ombe?"

Safari hii kicheko kilimtoka, na pamoja nacho machozi, akageuza uso.

"Kama unataka niache gitaa," Bochaberi akaendelea, sasa kwa sauti ya chini, "niambie wewe mwenyewe, hapa, ukiniangalia. Usinipitishie kwa maombi ya mama yako. Na mimi nitakujibu. Nitasema hapana, na tutaachana, na nitalia mpaka nimalize. Lakini tutakuwa tumeachana kama watu wazima."

"Sitaki uache." Alimgeukia. Alikuwa amemtazama hivyo mara moja tu hapo awali, siku ile ya Bomet, akiwa ameshika mwavuli asioukumbuka. "Haki ya Mungu, Bocha, sitaki. Ukiacha hutakuwa wewe tena, na mimi nitakuwa nimeoa nani?"

Walitazamana. Mvua ilikuwa imeanza kupungua, na harufu ya majani yaliyopondwa na mawe ilipanda kutoka shambani. Bochaberi alitamani kuegemea kifua kile, kilikuwa karibu sana. Akajizuia.

"Basi twende," akasema. "Siwezi kuondoka kwa watu bila kuaga."

"Nitawaambia mimi."

"Utawaambia mimi nikiwa nimeketi hapo."

*

Hakuna aliyekuwa amegusa chakula. Kipsang hakuketi. Alisimama katikati ya sebule, maji yakimdondoka kwenye zulia la mama yake, akasema yote bila kujitetea: kwamba Bochaberi hakuwahi kusema ataacha muziki, kwamba ni yeye aliyetunga, kwamba msichana huyu ataenda Addis Ababa kupiga gitaa na kufundisha, na kwamba alipomwambia habari hiyo yeye aliogopa, badala ya kumwambia anaogopa akaja kuwaambia wazazi uongo.

"Mama, unisamehe. Na uniombee msamaha kwa pasta."

Janeffer akamwonyesha kiti. "Kaa chini, unanilowesha nyumba." Kisha akamgeukia Bochaberi. "Na wewe unafikiri mimi nachukia gitaa?"

Bochaberi alikuwa amejitayarisha kwa mengi. Njia nzima kutoka Kericho alikuwa amepanga majibu kichwani: akiambiwa hoteli ni mahali pa ulevi, atasema hivi. Akiambiwa mwanamke wa Kisii hataweza kuishi na watu wa Chepseon, atasema vile. Swali hili hakuwa amelipanga.

"Sijui, Mama."

"Siichukii. Kwaya yangu ina gitaa mbili. Sikiliza nikuambie." Akamwonyesha mumewe kwa kidevu. "Huyu mzee unaona ametulia hivi, aliendesha lori karibu maisha yake yote. Mombasa, Kampala, Kigali. Mimi nilikuwa mtu wa kusikiliza barabara. Lori ikipita huko juu nasimamisha kazi, nasikiliza kama itapunguza. Haipunguzi, narudi kwa kazi. Watoto walizaliwa akiwa Uganda. Kipsang alishikwa na nimonia akiwa mdogo, nikambeba peke yangu mpaka hospitali, usiku nimekaa kwa benchi, na sina mtu wa kuuliza kama nifanye hivi ama hivi. Mtu mzuri, sikatai. Hakulewa, hakunipiga, alileta kila kitu. Lakini hakuwepo." Sauti yake kubwa ilikuwa imekuwa ndogo. "Sasa leo mwanangu ndiye atakuwa mtu wa kusikiliza barabara? Apike chai ya mtu mmoja kila jioni? Hiyo ndiyo ilinifanya nishukuru Mungu. Haikuwa gitaa."

Ingekuwa rahisi kusema haitakuwa hivyo. Miezi mitatu ni kidogo, simu zipo, video zipo. Bochaberi alifungua mdomo kuyasema hayo, akamtazama yule mama, akaona hayafai.

"Siwezi kusema si kweli, Mama," akasema. Akamgeukia Kipsang. "Umesikia? Ndiyo hiyo. Sio Addis peke yake. Nikiitwa kwingine baadaye, nitataka kwenda pia. Nitarudi kila mara, na nikiwa hapa nitakuwa hapa. Lakini kutakuwa na siku utaugua nisiwepo. Kutakuwa na siku mtoto atakuuliza mama yuko wapi. Ni vizuri uijue leo."

Kipsang hakuharakisha kujibu, na kwa hilo Bochaberi alimshukuru moyoni.

"Mama," akasema hatimaye, "wewe ulikuta tu mambo yakiwa hivyo. Hakuna mtu alikuuliza kama utaweza. Mimi leo nimeulizwa. Nimeulizwa mbele yenu, na nasema ndiyo. Najua itaniuma. Nasema ndiyo."

"Unasema ndiyo leo," Janeffer akajibu.

"Ni kweli hakuulizwa."

Wote wakageuka. Mzee Arap Tonui alikuwa bado anatazama dirishani, lakini ni yeye aliyesema.

"Na mara moja aliniuliza yeye," mzee akaendelea. "Aliomba nimpeleke Mombasa. Nikamwambia lori si mahali pa mwanamke."

"Ulisema hivyo," Janeffer akasema, bila ukali.

"Nilidhani unataka kuona bahari."

"Bahari ya nini?" Akafuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. "Nilitaka kuona mahali unalala. Unakula wapi, nani anakupa maji ya kuoga. Nilikuwa nakaa hapa nikikufikiria, na sina mahali pa kukuweka. Ningeona mara moja tu, hata kungoja kungekuwa rahisi."

Mzee alinyoosha mkono mezani, akaushika wa mkewe, na yule mama mwenye sauti ya kufika ng'ambo akauacha hapo. Kipsang alikuwa amekodoa macho. Alimwambia Bochaberi baadaye kwamba hakuwa amewaona wazazi wake wakishikana mikono tangu azaliwe.

Janeffer akajikohoza, akajiweka sawa kitini.

"Huko Addis utalala wapi?"

"Shule ya muziki imetupa nyumba, Mama. Mimi na rafiki yangu Vivian. Anapiga saksafoni."

"Ameolewa?"

"Ameolewa, Mama. Ana watoto wawili."

"Hm." Alifikiri. "Mtu anaweza kuja kuwaona?"

"Anaweza." Bochaberi akamtupia Kipsang jicho, akaona aibu kidogo, kwa maana jambo hili alikuwa amelitamani tangu siku aliyopigiwa simu, na hakulisema. "Ningependa sana Kipsang aje wiki za kwanza. Lakini niliona siwezi kumwomba. Ana ng'ombe zake, na za watu."

"Za watu zitatafuta daktari mwingine wiki mbili," Janeffer akasema. "Za hapa nitakamua mimi."

"Mama!" Kipsang akasimama.

"Kaa chini, sijamaliza. Utaenda. Utaona mahali analala na mahali anapigia hiyo gitaa, na watu wanaoketi mbele yake ni watu gani. Uangalie vizuri. Halafu urudi hapa ukae peke yako siku zinazobaki. Ukiona huwezi, utakuja kuniambia ukweli, sio hadithi nyingine, na huyu msichana utamwachilia aende na maisha yake. Ukiona unaweza, mzee wako atachukua kofia yake twende Kericho kwa Mzee Ratemo tukaongee kama watu." Akavuta sahani ya Bochaberi, akaijaza upya bila kumwuliza. "Sasa kula. Chinsaga yako imekuwa baridi."

"Kongoi, Mama," Bochaberi akashukuru kwa Kipsigis. Na hapo ndipo machozi yalipomshinda, yakamdondokea kwenye ugali, na Janeffer akajifanya hayaoni.

*

Jua lilikuwa limetoka tena walipoanza safari ya kurudi. Barabara ilikuwa inang'aa, na kwenye mitaro mawe ya barafu yalikuwa bado hayajayeyuka. Wakaingia kwenye lami.

"Bado nimekukasirikia," Bochaberi akasema.

"Najua."

"Sana."

"Najua, Bocha. Mpaka lini?"

Akafikiri. "Mpaka tufike Brooke."

Brooke ilikuwa karibu na mjini, mwendo mzuri bado mbele yao. Kipsang akakubali kwa kichwa kama mtu aliyepewa hukumu ya haki, akaendelea kuendesha. Lakini walipokuwa hata hawajafika nusu ya njia, Bochaberi akachukua ule mkono uliokuwa kwenye gia, akaupitishia vidole vyake, akaegemeza kichwa begani pake. Shati lilikuwa bado na unyevu. Alisikia moyo wa mtu wake ukipiga, polepole sasa.

"Bocha."

"Mm."

"Kuna kitu sijakuambia."

Aliinua kichwa haraka. "Nini tena, Kipsang?"

"Sina pasipoti."

Alimtazama, mtu mzima wa watu amekaza macho barabarani kwa aibu, masikio yamemsimama. Kicheko kilimtoka Bochaberi kutoka tumboni, akacheka mpaka akashika dashibodi.

"Kesho ni Jumatatu," akasema alipoweza kuongea. "Ofisi zinafunguliwa asubuhi. Nitakupeleka mwenyewe."